Watu wa Mstari wa Arobaini

Jinsi Kidawa Mshangama alivyofika Mirabani isitupotezee wakati. Alikuwa ameketi mbele ya skrini akiandika programu ya kuchora madirisha na vitufe, kazi yake ya kila siku, kisha hakuwa tena mbele ya skrini. Anayetaka habari za njia na masurufu amtafute msafiri mwingine. Huyu wetu alijikuta anawatazama watu, na watu wa Mirabani walikuwa na vituko vya kumfanya mtu asahau alikotoka.

Nchi ile ni mstatili mmoja mkubwa, tambarare kama meza, uliotandikwa vigae vya mraba pembe hadi pembe, kila kigae kikitosha nyumba na ua wake. Vigae vimepangwa kwa mistari, na mistari imepewa namba toka magharibi, mstari wa sifuri, hadi mashariki kabisa, mstari wa mia. Nchi imegawanywa kata, na kila kata ina mkuu wake na wachoraji wake. Wachoraji ndio tegemeo la maisha, maana huko jua likitua rangi zote hufifia. Nyumba, mbuzi, masufuria na watu hulala weupe na kuamka weupe. Alfajiri wachoraji hupita na ndoo zao wakapaka upya kila kilichomo katani. Ambacho hakijapakwa hadi jua kufika utosini hakipakiki tena. Kimekwenda, na jina lake halitajwi.

Mchoraji wa Mirabani hapaki kwa kukadiria. Hugonga kigingi mahali kata inapoanzia, huvuta kamba iliyokatwa kwa hesabu ya kata ile, na hupaka pale kamba inapofika, basi. Kupaka nje ya kamba ni kosa ambalo halijawekewa hata adhabu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kulifikiria.

Kidawa aliibukia mstari wa arobaini, uani kwa mama mmoja aliyeitwa Sikudhani. Alidhani ameingia kwenye nyumba iliyozama matopeni. Jua lilikuwa linawaka, lakini mlango, kuta, mitungi, hata kanga aliyojifunga mwenye nyumba, vyote vilikuwa rangi moja nzito ya tope, na uso wake ulionekana kwa taabu.

"Shikamoo, mama," alisema Kidawa.

"Marahaba. Karibu, mgeni wangu. Usiegemee ukuta tu, mkono wa pili haujakauka."

"Mkono wa pili wa nini?"

"Wa rangi. Wanaanza wachoraji wa Kata ya Pili, wanatupaka. Wakiondoka wanakuja wa Kata ya Tatu, wanatupaka juu yake." Sikudhani alimvutia kigoda. "Sheria inasema Kata ya Pili ni toka ishirini hadi arobaini. Kata ya Tatu ni toka arobaini hadi sitini. Na hapa kwetu, mwanzo umo na mwisho umo. Sasa arobaini ni nani? Ni sisi."

Jambo hili Kidawa alilijua. Alikuwa ameliona mara nyingi kwenye skrini: picha mbili zinapakana, na katikati yake mstari mmoja umekolea kwa kuwa zote mbili zimeuchora. Lakini hakuwahi kuuona mstari huo umekaa kwenye kigoda, unachambua mchicha.

Akaelezwa yaliyobaki. Kukiwa na kazi ya kuchimba mtaro, watu wa arobaini huitwa na mkuu wa magharibi asubuhi na mkuu wa mashariki jioni. Kukigawiwa mbegu, mkuu wa magharibi husema hao wameshapewa na mwenzangu, na mkuu wa mashariki husema vivyo hivyo, kila mmoja kwa sauti ya upole. Wakifiwa, wakuu wote wawili huja msibani kula. Wakiuguliwa, haji hata mmoja.

"Nyinyi mna afadhali!" ilisikika sauti toka pembeni mwa ua.

"Huyo ni jirani yetu, bwana Ngwali," alisema Sikudhani. "Kata zimepangwa safu mbili, ya kaskazini na ya kusini. Yeye kigae chake kiko pale zinapokutana kata nne. Anapakwa mara nne."

Kidawa alikodoa macho akaona bonge la tope limesimama kando ya uzio.

"Nilikuwa kijana mzuri," lilisema bonge.

"Anasema hivyo," alinong'ona Sikudhani. "Sisi tunamwamini tu, tutafanyaje?" Kisha akaacha kutabasamu. "Umekuja wakati mbaya, mgeni wangu. Kesho Baraza linakaa kutuamulia. Wakuu wamechoka kugombana. Kuna wanaotaka tuendelee kupakwa mara mbili, na kuna wanaotaka tusipakwe na mtu yeyote."

"Na nyinyi mnataka nini?"

"Hilo hawajatuuliza."

Baraza hukaa mashariki kabisa, kwa hiyo kesho yake Kidawa na Sikudhani walivuka zaidi ya nusu ya nchi, na njiani Kidawa akapata kuona jinsi kosa moja dogo linavyoweza kulea taifa zima. Walisimama kwa fundi seremala aliyekuwa akipima fremu. Ilianzia alama ya tatu, ikaishia alama ya kumi na moja.

"Kumi na moja toa tatu, nane," alisema fundi. "Na moja ya heshima, tisa."

Hiyo moja ya heshima ndiyo ada kuu ya Mirabani. Kwa kuwa mwisho umo, kutoa peke yake hakutoshi, lazima uongeze moja. Watoto hufundishwa kuitamka kwa adabu, na mtu mzima anayeisahau huonekana hakulelewa. Shida ni kwamba aliyeleta mbao alikuwa na adabu pia, naye ameshaiongeza. Mlango ukakataa kuingia. Fundi akautazama kwa chuki, akakata moja aliyoiita ya hasira, halafu nyingine ya kuhakikisha. Ndiyo maana milango ya Mirabani ni ya aina mbili tu, inayokwaruza na inayopitisha paka.

Mbele zaidi, mstari wa sabini, waliikuta Wizara ya Mvuke. Wizara ile ilifutwa zamani, pale ilipogundulika kwamba nchi haina mvuke wala haijui ni wa nini. Kufuta maana yake ni kusogeza mwisho hadi ukutane na mwanzo, nayo ikaandikwa toka sabini hadi sabini. Lakini mwanzo umo na mwisho umo, basi ukabaki mstari mmoja, na juu yake meza moja, na nyuma ya meza bwana mmoja mnyonge aliyeitwa Chambuso, mhuri mkononi.

"Mimi ndiye hakuna kitu wa serikali," alijitambulisha. "Karibuni."

"Hawawezi kukuondoa?" aliuliza Kidawa.

"Walijaribu. Waliandika toka sabini hadi sitini na tisa. Wachoraji walisoma agizo, wakatembea kinyumenyume na ndoo, wakapaka Idara ya Mifugo yote, na ng'ombe wake." Chambuso akashusha pumzi. "Dada yangu, nataka kwenda nyumbani. Kwetu ni sitini na nne, naona paa toka hapa. Nimeandika kuomba nifutwe. Maombi ya kufutwa yanaletwa hapa hapa, kwangu, niyapitishe, na mimi sina mamlaka kwa kuwa nimefutwa."

Akafunga ofisi yake, yaani akaweka mhuri mfukoni, akafuatana nao.

Ukumbi wa Baraza umejengwa ukingoni mwa nchi, ili kiti cha mtawala kikae juu ya mstari wa mia. Mtawala wa Mirabani huitwa Mwinyi Mwisho. Amekaa pale muda mrefu kiasi kwamba walioulizwa na Kidawa alianza lini waliona swali lenyewe halieleweki. Chini yake aliketi Mheshimiwa Lukaya, mkuu wa Idara ya Kingo, mtu nadhifu mwenye sauti ya asali. Kulia walikuwa Wajumuishi, chama kinachodai mwanzo na mwisho vyote viwemo. Kushoto walikuwa Watengaji, wanaodai vyote vitoke. Walikuwa wakitukanana kwa lugha ya heshima tangu enzi za babu zao.

Mjumuishi mmoja alisema kwa machozi kwamba watu wa arobaini wanapendwa mara mbili na wanapaswa kushukuru. Mtengaji akajibu kwamba amani haiji bila nafasi tupu kati ya majirani, na kwamba mstari mmoja ni bei ndogo. Makofi yakapigwa pande zote. Ndipo Kidawa akaomba nafasi, akapewa, kwa kuwa wageni huruhusiwa kusema kabla ya chakula.

"Waheshimiwa," alisema, "huko kwetu kazi yangu ni mistatili. Tulihangaika na jambo hili, tukafika mahali tukakata shauri: mwanzo umo, mwisho haumo. Arobaini ni ya Kata ya Tatu, kwa kuwa ndiyo inayoianza. Kata ya Pili inakuja hadi ukingo wa arobaini, inakomea hapo, haiingii. Hakuna anayepakwa mara mbili, wala hakuna anayeachwa. Ukitaka upana, toa mwanzo kwenye mwisho, yatosha, moja ya heshima haihitajiki. Na kitu kinachoanzia sabini na kukomea sabini, hakipo."

Chambuso alipiga makofi peke yake.

Kilichofuata hakijawahi kuonekana katika Baraza lile. Wajumuishi na Watengaji walisimama kwa pamoja, wakakubaliana. Upendeleo! Mwanzo aingie ndani, mwisho alale nje, kwani mwisho amekosa nini? Mzee wa Kijumuishi na mzee wa Kitengaji waliokuwa hawasalimiani wakakumbatiana wakilia. Tofauti zetu zote, walisema, ni ndogo mbele ya jambo moja tunaloliamini, kwamba pande mbili lazima zitendewe sawasawa, hata kama ni kwa kuonewa.

Lukaya akanyoosha mkono, ukumbi ukatulia.

"Mgeni wetu amesema vizuri," alisema. "Nina swali moja dogo. Nchi yetu ni toka ngapi hadi ngapi?"

"Sifuri hadi mia."

"Na kwa sheria yako, mia imo?"

Ukumbi mzima ulikuwa unakitazama kiti.

"Mngeandika mia na moja," alisema Kidawa.

"Nani anakaa mia na moja?"

"Hakuna mtu. Si mahali pa kukaa. Ni alama ya kukomea tu."

Mwinyi Mwisho alizungumza kwa mara ya kwanza siku ile, bila kupandisha sauti. "Nchi hii haikomei kwenye hewa. Mwisho wake ni mimi."

Basi, hoja ikafungwa. Likapitishwa azimio lililoitwa la suluhu, kwa kuwa hakuna mkuu aliyepata kitu: kuanzia alfajiri ijayo mwanzo na mwisho wa kila kata havitapakwa. Kamba zote zifunguliwe kipande cha heshima, kisha zikunjwe mstari mmoja zaidi kwa fundo. Vigingi visogezwe ndani. Isipokuwa kamba ya kata ya mwisho, safu zote mbili, ambayo itabaki na kipande chake cha heshima, kwa sababu zinazojulikana.

Sikudhani alisimama. Hakuomba nafasi.

"Waheshimiwa, arobaini kuna watu."

"Mama," alisema Lukaya kwa upole wa kuchefua, "arobaini ni mpaka."

"Nimesonga ugali huko jana!"

"Tumekusikia, mama. Karibuni chakula."

Walirudi bila kula. Kidawa alikuwa na hasira ya mtu aliyekuwa sahihi na usahihi wake haukumfaa kitu. Alirudia hoja zake njia nzima, akiziboresha, kama kwamba Baraza bado linamsikiliza, hadi Sikudhani akamshika mkono.

"Mgeni wangu, wewe umewaeleza, na umeeleza vizuri. Mimi siwaelezi tena." Alitembea hatua chache. "Ile ya kwanza uliyosema, irudie."

"Mwanzo umo."

"Hiyo hiyo. Mimi mama yangu kazaliwa arobaini na mimi nimezaliwa arobaini. Miaka yote wananiita mwisho wa huyu na mwanzo wa yule. Na sasa wananiita mpaka, nisipakwe. Sikubali. Kama ni kuchagua, nachagua mwenyewe, na sichagui kuwa mwisho wa mtu."

Alfajiri watu wa mstari wa arobaini waliamka weupe, wakatoka nje kusubiri. Wachoraji wa Kata ya Pili walifika hadi mlango wa jirani wa magharibi, wakasimama, wakakusanya ndoo zao macho chini. Baadhi yao walikuwa na dada zao kwenye mstari huo wa arobaini. Wakaondoka. Kidawa aliutazama mkono wake, nao ulikuwa umeanza kupenyeka kama kioo, akaona uzio ulio nyuma yake. Alipata woga wa kweli, ambao hoja zake zote hazikuufikia.

Kisha wakaja wa Kata ya Tatu. Kiongozi wao alitembea mstari mzima bila kumsalimia mtu, jambo ambalo kwa desturi zao ni kama tusi, akachomeka kigingi upande wa mashariki wa nyumba za arobaini na kuinua nyundo.

Sikudhani alikuwa ametoka jikoni na mchi. Alikwenda akaking'oa kile kigingi mbele ya macho yake.

"Mama, tumeagizwa," alisema kiongozi.

"Umeagizwa ugonge kigingi mwanzo wa Kata ya Tatu?"

"Ndiyo."

"Nifuate."

Akakibeba akavuka nacho ua wake, akapita mlango wake, akafika ukingo wa magharibi wa mstari, pale Kata ya Pili inapokoma. Akakisimamisha, akakipiga kwa mchi. Pigo la kwanza lilikitikisa tu. La pili lilizamisha kigingi. La tatu halikuwa na haja, alilipiga kwa raha zake.

"Hapa ndipo inapoanzia," alisema. "Inaanzia kwangu. Vuta kamba."

"Haitafika mwisho, ina fundo."

Fundo lile lilimshinda Kidawa kwa vidole, akaliuma. Lilipofunguka kamba ilibaki na urefu wake halisi, sitini toa arobaini, bila cha heshima wala cha adhabu. Wachoraji wakaivuta. Walikuwa watu wa kamba, hawakuwa watu wabaya, na kigingi kilikuwa kimegongwa. Kamba ikapita juu ya arobaini, ikaenda, ikaenda, ikakomea sawasawa kwenye ukingo wa mstari wa sitini bila kuukanyaga. Brashi ya kwanza ikamgusa Sikudhani begani.

Mkuu wa Kata ya Pili alikuja mbio, shati halijafungwa. "Mmeniibia mstari!"

"Ulitutupa jana mwenyewe, nilikuona ukinyoosha mkono," alisema Sikudhani. "Na mwanzo wako unao. Uko ishirini, na watu wake wanafifia. Kakigonge kigingi kabla jua halijapanda, unasimama hapa kunifokea mimi?"

Mkuu alimtazama, akatazama jua. Kwa sifa yake tuseme kwamba alikimbia, tena kwa kasi. Baada ya muda nyundo zikaanza kusikika toka magharibi. Kwenye safu ya kusini nako vikang'olewa vigingi, na bwana Ngwali akajikuta anadaiwa na kata moja tu, ile iliyoanzia kwake kwa mistari na kwa safu pia.

Sikudhani hakukaa kujitazama. Alishika njia ya mashariki na mchi begani, Kidawa nyuma yake, na watu wa arobaini nyuma yao. Sitini hawakuwasubiri, walikuwa wameshaona kamba imewakomea miguuni, wakaelewa, wakakiendea kigingi chao wenyewe kwa shoka. Sabini walimpita Chambuso akirudi upande wa magharibi, meza kichwani, anapiga mluzi. Toka sabini hadi sabini ilikuwa hatimaye hakuna kitu, naye alikuwa anakwenda kupakwa kwao. Themanini kulikuwa na ubishi uliokuwa umechelewesha kazi, kisha mchi ukaonyeshwa, ubishi ukaisha, vigingi vikahamishwa na mafundo yakafunguliwa.

Kata ya mwisho ndiyo pekee ambayo kamba zake zilikuwa bado na kipande cha heshima. Sikudhani alizipata zimelazwa chini, tayari, wachoraji wakishangaa umati. Alipiga magoti akafungua kipande cha kwanza mwenyewe, akamrushia Lukaya aliyekuwa anakuja kwa haraka, akafungua na cha pili. Kamba zikavutwa, na zote mbili zikakomea kwenye ngazi ya kiti.

Mwinyi Mwisho alikuwa ameketi pale mweupe, mikono juu ya magoti. "Nipakeni," alisema.

Wachoraji walitazamana. "Kamba imeisha, Mwinyi."

"Askari!" alipaza sauti Lukaya. Askari walikuwepo, ila askari wa Mwinyi hulala mstari wa mia kwa heshima, na walikuwa weupe kama yeye, mmoja tayari ukuta ulio nyuma yake ukionekana kupitia mwili wake. Watumishi nao, mpishi nao. Jua lilikuwa juu sana.

Kidawa akaingiwa na hofu nyingine kabisa. "Bi Sikudhani, tukiwaacha hivi..."

"Nani kasema tunawaacha?" Sikudhani alipanda ngazi ya kwanza. "Mwinyi, hatutaki uende. Mia nako kuna watu. Kamba inafuata tamko lako, haiwezi kurefuka mpaka useme. Sema mwisho wa nchi ni upi."

"Ni mimi," alisema Mwinyi, na sauti yenyewe ilikuwa imepungua.

"Hilo ndilo lililokutoa nje."

Mpishi alianza kulia taratibu, mikono yake miwili haionekani. Mwinyi alimtazama mpishi yule, labda kwa mara ya kwanza tangu amwajiri, na kitu kikalegea usoni pake.

"Mia na moja," alisema.

"Nani anakaa mia na moja?"

"Hakuna mtu."

"Basi mwisho ni nani?"

Mwinyi alikuwa mzee, nadhani tangu mwanzo alikuwa mzee, ila rangi za kila asubuhi zilikuwa zikimficha.

"Si mimi," alisema Mwinyi Mwisho. "Mwisho si mimi."

Kamba zikaongezwa mstari mmoja, kwa hesabu na si kwa heshima, na brashi zikapanda ngazi. Walianza na mpishi. Lukaya, huku akipakwa sikio, alitangaza kwa sauti kwamba Idara ya Kingo imekuwa na msimamo huo siku zote, na kwamba itaunda kamati ya kuusambaza. Hakuna aliyemzuia. Watu kama yeye hawafutiki hata kwa sheria nzuri.

Waliporudi arobaini ilikuwa alasiri. Kando ya uzio alisimama mwanamume mfupi mwenye kipara na tumbo la wastani, anajikagua mikono.

"Nilikuwa kijana mzuri," alisema Ngwali, kwa sauti ileile. "Inaelekea muda umepita."

Sikudhani alikuwa amesimama mbele ya mlango wake. Miaka yote alijua mlango ule ni wa rangi ya tope, kama mlango wa mama yake, kwa kuwa ndio huohuo. Sasa ulikuwa umepakwa mkono mmoja. Ulikuwa wa kijani, kijani cha majani ya kunde, na juu ya kijani maua madogo ya manjano ambayo mtu fulani zamani aliyachora kwa mkono usio wa fundi, moja limepinda. Kanga yake ilikuwa nyekundu. Aliigusa, akagusa ua lililopinda, akaangua kilio mbele ya watu wote, na Kidawa naye akashindwa kujizuia.

"Rangi mbaya hii," alisema Sikudhani alipoweza kusema. "Mama yangu hakujua kuchagua."

Mkuu wa Kata ya Pili alikuwa anapita, amechoka, viatu vina vumbi la kwenda ishirini na kurudi. Alisimama kwa mbali. Huenda alitaka kuomba radhi, ila wakuu hawafundishwi njia yake.

"Sikudhani," alisema, "nasikia sasa wewe ni mtu wa Kata ya Tatu."

Alijifuta macho kwa kanga nyekundu, akauchukua mchi wake uliokuwa umeegemea ukutani. Ukuta ulikuwa umeshakauka.

"Umesikia vibaya," alisema. "Kata ya Tatu inaanzia kwangu."

Akaingia ndani kuanza kupika.